Fanesi ya miaka 17: kabla hujaitupa

Baridi ikianza kuuma, Wakenya wenye nyumba zao Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, husimuliana kisa kilekile. Fanesi, mashine ya kupasha nyumba joto, imezima usiku, fundi amekuja asubuhi, amesoma tarehe kwenye kibandiko, na badala ya kutaja bei ya kutengeneza ametaja bei ya mashine mpya. Watoto wako sebuleni na majaketi, basi mwenye nyumba anatia sahihi ya mkopo papo hapo.

Sisemi fundi huyo ni tapeli. Fanesi ya gesi kwa kawaida huhesabiwa miaka 15 hadi 20, na ikishafika huko, mwaka huu utabadilisha kiwashio, mwakani feni. Tena Minnesota si mahali pa kubahatisha: nyumba ikikosa joto kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, mabomba ya maji hupasuka, na hasara yake yaweza kuipita bei ya fanesi. Ila hoja hizo zinamtaka mtu ajipange. Hazimtaki asaini leo.

Kinachonikera ni kanuni wanayoipenda baadhi ya mafundi: zidisha umri wa mashine kwa gharama ya matengenezo, jibu likizidi 5,000 nunua mpya. Fanesi ya miaka 17 inayohitaji dola 300 inatoa 5,100. Imehukumiwa! Kanuni haikuuliza hata kilichoharibika ni nini. Na mara nyingi ni kitu kidogo mno. Moto unawaka, baada ya sekunde chache unazima, unajaribu tena, mwisho mashine inajifunga. Mkosaji anaweza kuwa kijiti chembamba cha chuma kinachokaa ndani ya mwali kuthibitisha kwamba gesi imewaka. Kikishashika utando, hakihisi moto hata ukiwepo. Kwa kawaida kimeshikwa na skrubu moja tu: kinatolewa, kinasuguliwa taratibu, kinarudishwa, na nyumba inapata joto.

Halafu huja ile ahadi ya kuokoa gesi. Tuseme fanesi yako ina ufanisi wa asilimia 80 na mpya ina 95. Kwa joto lilelile, gesi itapungua kwa karibu asilimia 16. Ikiwa gesi ya kupasha joto inakugharimu dola 900 kwa mwaka, utaokoa kama 142. Mashine ikiwa ya dola 6,000, pesa yako itarudi baada ya miaka 42, na hapo hatujagusa riba ya mkopo. Bili hata iwe maradufu, bado ni miaka 21, na fanesi yenyewe huenda isifike huko. Isitoshe, ile ya asilimia 80 hutoa moshi kupitia dohani, mara nyingi pamoja na tangi la maji moto linalotumia gesi. Mpya hutoa wake kwa bomba la plastiki ukutani, na tangi likibaki peke yake, dohani huwa pana mno kwake, ikabidi itiwe bomba jembamba ndani. Gharama hiyo wengi huijua kazi ikiwa imeshaanza.

Wapo ambao hesabu hii haiwahusu. Mwenye fanesi ya miaka ya 1970, yenye ufanisi wa asilimia 60 na kitu, ataokoa karibu theluthi ya gesi. Na kile chumba cha chuma ambamo moto huwaka kikipasuka, hapo hakuna mjadala, kwa sababu kaboni monoksidi haina harufu na inaua watu usingizini. Fanesi izimwe. Hata hivyo, omba kuonyeshwa picha ya ufa wenyewe, kisha mwite fundi wa pili. King'ora cha gesi hiyo kiwe ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala, kama sheria ya Minnesota inavyotaka, fanesi iwe nzee au mpya.

Kwa waliobaki, dola 300 za Januari zinanunua muda. Aprili mafundi hawakimbizwi na simu za dharura, unaweza kukusanya bei tatu tofauti, na mwenye kipato kidogo anapata nafasi ya kuuliza ofisi ya msaada wa nishati ya kaunti yake, kwa maana mpango huo husaidia pia kutengeneza au kubadilisha fanesi ya mwenye nyumba anayestahili.