Karuho, bahati mbaya na seli zinazokosea

Matangani Kadutu, mwezi uliopita. Marehemu alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, kansa ya tumbo. Chai haijazunguka bado, shangazi mmoja akawa ameshatoa hukumu: "Ile si kansa, ni karuho." Kwa wasioishi Bukavu: karuho ni sumu ya polepole inayodaiwa kutiwa katika chakula au kinywaji na mtu wa karibu mwenye wivu. Ukikonda bila kueleweka, umekula karuho. Mpwa wa marehemu, muuguzi kijana, akajibu kwa upole: "Tantine, hakuna aliyemfanya kitu. Seli zilikosea kujigawa. Ni bahati mbaya tu."

Jibu hilo lina uzito kuliko lilivyosikika. Kila seli kabla ya kujigawa hunakili maandishi yake yote ya urithi, herufi kama bilioni 3 kutoka kwa kila mzazi. Hunakili kwa uangalifu kuliko karani yeyote wa komini, na ina wakaguzi wake: protini iitwayo p53 husimamisha kazi kosa likionekana, na kosa lisiporekebishika, huisukuma seli ijiue. Hata hivyo machache hupenya. Moja likiharibu breki, miaka ikapita, likaja la pili na la tatu, seli hiyo huacha kusikia amri ya kusimama, na watoto wake hurithi ukaidi huo: hiyo ndiyo kansa.

Mwaka 2015 Cristian Tomasetti na Bert Vogelstein wa Johns Hopkins, Marekani, walilinganisha viungo vya mwili. Waliona kwamba pale seli-shina, zile zinazozaa seli mpya za kiungo, zinapojigawa mara nyingi zaidi maishani, kansa nayo huwa ya kawaida zaidi. Ndiyo maana utumbo mpana huugua kuliko utumbo mwembamba. Hesabu hiyo, walisema, inaeleza takriban theluthi mbili ya tofauti kati ya viungo. Magazeti yakapiga kelele kwamba theluthi mbili ya kansa zote ni bahati mbaya. Hawakusema hivyo! Tofauti kati ya utumbo na ubongo ni jambo moja, idadi ya wagonjwa ni jingine kabisa.

Kabla mwaka huo kwisha, watafiti wa chuo kikuu cha Stony Brook, Marekani pia, wakajibu kwamba mambo ya nje ya seli ndiyo yenye mkono katika asilimia 70 hadi 90 ya hatari. Hoja yao naipenda kwa sababu moja: kuhesabu migawanyiko hakukuambii nani anayeisukuma. Tazama tumbo lenyewe. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa kansa la WHO liliiweka bakteria Helicobacter pylori kati ya visababishi vya kansa. Hukaa tumboni miaka na miaka, ikichokoza ukuta wake. Seli hufa, nyingine zinalazimika kujigawa kuziba pengo, na kila mgawanyiko ni karata nyingine inayochezwa. Kwa hiyo kisababishi hakiiondoi bahati, kinaongeza michezo. Lakini wengi wanaoibeba bakteria hiyo hawapati kansa kamwe, na hapo muuguzi wetu anarudi kuwa na haki.

Mimi, pale matangani, ningesema alichosema yeye. Neno karuho mjini kwetu huwa na kidole mbele yake: jirani anaanza kutazamwa vibaya, na mgonjwa anapelekwa kutapishwa kwa dawa za miti huku uvimbe ukikua. "Bahati mbaya" huteremsha kidole hicho. Ila nisingeliruhusu neno hilohilo lisemwe kuhusu kansa ya mlango wa kizazi. Karibu zote hutokana na virusi vya HPV, ambavyo huingia na protini yao ya kuangamiza p53, yaani wanamuua mlinzi kwanza. Chanjo ipo. Binti aliyekosa chanjo, halafu akaugua ukubwani, hakuonewa na karata peke yake.

Juzi nilimweleza yule shangazi habari ya bakteria wa tumbo, kwamba mara nyingi huambukizwa utotoni, ndani ya familia. Alifikiri kidogo.

"Kumbe bado ni mtu wa nyumbani," akasema.