Magoti Yanauzwa Mbali, Mikono Mbali

Juzi nimekuta karatasi ya kitabu cha Kisanskriti kilichoandikwa kwa mkono, ndani ya fremu, inauzwa mtandaoni kama pambo la sebuleni. Maelezo yake: "uchawi wa kale wa Kihindi". Muuzaji anatamba kuwa anazo nyingine za kitabu hichohicho, kila moja na bei yake. Nikaanza kuandika matusi, nikafuta.

Uchawi! Ile ni Ramaraksha, sala ya kujikinga. Sala za namna hii huitwa kavacha, yaani deraya. Msomaji anapita mwilini kiungo kwa kiungo, kila kimoja akikikabidhi kwa Rama, mungu wa Wahindu, kwa sifa tofauti. Macho yalindwe na mwana wa Kausalya, yaani kwa jina la mama yake. Masikio, na kipenzi cha Vishvamitra, yule mzee aliyemchukua porini angali kijana. Mikono, na aliyevunja upinde wa mungu Shiva. Magoti, na aliyejenga daraja la kuvukia Lanka, kisiwa cha adui yake. Miguu, na aliyempa Vibhishana, ndugu wa adui huyo, ufalme vita vilipokwisha. Ukifika chini umeshapitia Ramayana, utenzi wa maisha ya Rama, tangu kuzaliwa hadi ushindi, na kitabu ulichosomea ni mwili wako. Kama huo ndio uchawi, nirogeni.

Sasa mtu kauchukua mwili huo, kaukata vipande. Karatasi ya kwenye fremu inaanzia magotini. Mikono ataitundika nani? Kifua kiko kwa nani?

Haya, nakubali: karatasi hizi hazikushonwa, zilipangwa tu kati ya vibao viwili zikafungwa kitambaa, kwa hiyo kutawanyika ni rahisi. Na wapo warithi walioziachia mchwa. Lakini mchwa hatoi risiti.

Bibi yangu alikuwa na hirizi ambayo hatukuthubutu hata kuigusa uzi. Hakuna aliyejua ndani mmeandikwa nini. Tulijua tu kwamba ikifunguliwa si hirizi tena.

Wanakili wa India nao walilijua hilo. Wengi walimalizia kazi kwa ubeti ambamo kitabu chenyewe ndicho kinachosihi: nikinge na maji, nikinge na mafuta, nikinge na kamba iliyolegea, wala usinitie mikononi mwa mjinga.

Ubeti huo huandikwa kwenye karatasi ya mwisho. Nimeitafuta kwenye orodha ya yule bwana. Imeshauzwa.