Picha ya papo hapo: bila chumba cha giza, ujanja bado upo

Wapenzi wa picha nyeusi na nyeupe za papo hapo wana hoja yao wanayoishikilia: picha iliyotoka kwenye kamera moja kwa moja, bila kupita chumba cha giza ambako picha za filamu husafishwa na kuchapwa, haijachezewa, kwa hiyo ni ya kweli kuliko nyingine. Mimi nazipenda picha hizi, ila hoja hiyo hainiingii.

Juzi nilimpiga picha mzee mmoja adhuhuri, amevaa kanzu nyeupe, kasimama mbele ya ukuta wa chokaa. Kanzu ikatoka bapa jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja, na uso ukawa giza tupu. Mzee akaigeuzageuza, akacheka: "Kanzu nimeiona, mwanangu. Mimi niko wapi?" Hakuna aliyeichezea picha ile, na bado ilidanganya. Kwenye chumba cha giza, ambako mwanga ukizidi kwenye karatasi picha huwa nyeusi zaidi, ningeukinga uso kwa kiganja sekunde chache wakati wa kuchapa, kisha kanzu nikaiongezea mwanga hadi mikunjo ijitokeze. Hapo ningekuwa nimerudisha tu kile ambacho macho yangu yaliona.

Ansel Adams, mpiga picha maarufu wa Marekani, alilijua hili. Alikuwa mshauri wa Polaroid, kampuni ya kamera za papo hapo, tangu 1949, mwaka mmoja tu baada ya kamera ya kwanza ya mwanzilishi wake, Edwin Land, kuingia dukani Boston, na aliisifu teknolojia hiyo waziwazi. Lakini mwaka 1968 alipoupiga picha mwamba wa El Capitan huko California alfajiri ya baridi kali, alitumia Type 55, filamu ya Polaroid iliyotoa kwa pamoja picha na negativu, yaani filamu ya kuchapia nakala nyingine. Picha ya papo hapo anayo mkononi, na bado negativu akaenda kuichapa kwenye chumba cha giza.

Nakubali upande wa pili una jambo zito: nakala ni moja, hivyo kughushi ni kazi, na vilevile wako waliozidisha vivuli vya chumba cha giza mpaka mawingu ya kawaida yakawa kiama. Ila faida kubwa naiona kwingine kabisa. Kosa unaliona mtu wako angali amesimama hapo hapo.

Nilimsogeza mzee barazani, kivulini, nikapiga tena. Safari hii mikunjo ipo, macho yapo. Akaitia mfukoni akaondoka nayo, nami nimebaki na ile ya kanzu.