Tumbili na Kuta za Nairobi: Tuzibe Njia au Tuondoe Chambo?

Katika mitaa inayopakana na Karura, City Park, Arboretum na Msitu wa Ngong Road, ni nadra mkutano wa wakazi kuisha bila tumbili kutajwa. Huyu amepoteza mkate wa asubuhi, yule kitalu kizima cha sukuma wiki, na mwingine amemkuta dume ameketi juu ya meza ya jikoni akimenya ndizi. Hapo watu hugawanyika. Kundi la kwanza linataka kuta ziinuliwe, nyaya za umeme ziongezwe na miti ikatwe. La pili linasema wanyama walikuwepo kabla ploti hazijapimwa, kwa hiyo tuwavumilie, na baadhi yao huwatupia njugu na maganda ya matunda kwa huruma. Kila kundi lina hoja ya kweli na kila moja lina mahali linapojikwaa. Msimamo wetu ni kwamba sehemu kubwa ya pesa zinazotumika juu ya ukuta ingefanya kazi zaidi kwenye dirisha la jikoni na kwenye pipa la taka.

Kwanza tujue anayepanda ni nani, maana hawapandi kwa namna moja. Tumbili mwenye uso mweusi na ukanda mweupe juu ya macho huishi nusu mitini na nusu chini. Hukimbia nyasini, huruka juu ya geti, hutembea juu ya ukuta bila wasiwasi. Kima, yule mkubwa zaidi mwenye shingo nyeupe na manyoya ya kijivu, ni mtu wa matawini; akipata njia ya juu hashuki. Dume la kima hufika kilo saba au nane, na tawi jembamba la mgrevilea likipinda kwa uzito wake ndilo humsogeza hadi kwenye bati lako. Wote wawili hutembea mchana. Ukisikia vishindo darini usiku wa manane, usiwalaumu hawa: huyo ni kanu, komba au panya, na dawa yake ni kuziba mianya ya paa, si kuinua ukuta.

Tofauti hii inaeleza kwa nini ushauri mwingi wa kwenye intaneti huangukia patupu hapa. Umeandikwa kwa ajili ya rakuni wa Marekani, mnyama wa usiku anayepanda kwa kucha na anayeweza kugeuza nyayo za nyuma ili ashuke kichwa kikitangulia. Ukifunga bati laini kuzunguka shina la mti, kucha za rakuni hukosa pa kushika na safari yake huishia hapo. Tumbili hashiki kwa kucha. Hushika kwa vidole na kidole gumba, kama wewe, na asipopata shina atarukia mti kutoka mti wa jirani. Bati hilo bado lina kazi, ila kwa mti uliosimama peke yake tu: mparachichi ulio katikati ya uwanja, mbali na ukuta na paa. Lifunge likiwa na upana wa sentimita 90, ukingo wa chini ukiwa mita moja na nusu kutoka ardhini, na misumari iwe michache ili mti usiumie. Kila mwaka lilegeze, maana shina hunenepa na bati lililobana huukaba. Mti wenye majirani waliogusana nao usiufunge bati. Utakuwa umepamba tu.

Tuje kwenye nyaya za umeme juu ya ukuta, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi huenda na ndipo watu hukata tamaa haraka. Mashine ya uzio hutuma mpigo wa volti elfu kadhaa karibu mara moja kila sekunde. Lakini mpigo huo hauumi mpaka umeme upate njia ya kurudi kwenye mashine. Ng'ombe anayegusa waya akiwa amesimama kwenye matope anaikamilisha njia hiyo kwa miguu yake. Tumbili aliyeruka kutoka kwenye tawi akaning'inia kwenye waya mmoja hajagusa ardhi, kwa hiyo hasikii kitu. Hata akisimama juu ya ukuta wa mawe uliokauka kwa jua la Januari, jiwe kavu hupitisha umeme kidogo sana, na manyoya yake humkinga zaidi. Ndiyo maana mwenye nyumba huapa kwamba uzio unafanya kazi, fundi hupima na kukuta volti zipo, na tumbili bado wanapita.

Dawa yake ni kupanga nyaya kwa zamu: mmoja wenye umeme, unaofuata umeunganishwa na nondo za shaba zilizozamishwa ardhini, kisha wenye umeme tena, hadi juu. Nafasi kati ya waya na waya iwe sentimita saba hadi kumi, ili mkono ukishika mmoja, mkono wa pili au mkia uguse mwingine. Nyaya zikazwe, ukiweza kuzitenganisha kwa vidole viwili, tumbili naye atazitenganisha. Pima volti mwisho wa mzunguko, si pale karibu na mashine, na zikishuka chini ya 4,000 tafuta zinakovuja. Mara nyingi ni bogenvilia au tawi la ua wa kayaba lililogusa waya baada ya mvua za Aprili. Kagua pia betri ya akiba, ile ya volti 12 iliyo ndani ya kisanduku. Ikiwa imechoka, kila stima inapopotea uzio wako unageuka kamba ya kuanikia nguo.

Kwa kuwa tumeutaja ua wa kayaba, tuseme wazi kwamba kwa tumbili miiba yake si kizuizi na matunda yake ni karamu. Vipande vya chupa juu ya ukuta navyo humkata mtu, si mnyama anayeona vizuri pa kuweka kiganja. Na uzio wa waya uliosukwa, hata uwe na urefu wa mita tatu, ni ngazi iliyotengenezwa tayari.

Wanaopinga nyaya wana hoja nzito wanaposema uzio hauna maana ikiwa juu kuna daraja. Simama uani utazame juu, si mbele. Utaona matawi yanayokutana juu ya ukuta, bomba la maji ya mvua linaloteremka kutoka kwenye gata, waya wa stima kutoka kwenye nguzo, na siku hizi nyaya za intaneti zilizopita nyumba hadi nyumba. Matawi yapunguze hadi pawe na uwazi wa mita tatu au nne kutoka kwenye paa, na ukumbuke kwamba anayeruka kutoka juu kwenda chini hufika mbali zaidi kuliko anayeruka sambamba. Tawi la mkaratusi lililo juu kuliko paa lako linahitaji nafasi kubwa zaidi. Rudia kila baada ya mvua. Waya wa stima usiuguse hata kwa mti mkavu. Hiyo ni kazi ya Kenya Power. Waya wa intaneti unaweza kuomba uhamishwe uingilie upande usio na jiko.

Hata hivyo hapa tunawasihi wasomaji wasikimbilie msumeno. Kukata mti mzima ili kumzuia tumbili ni hasara inayobaki miaka thelathini kwa kero ya dakika kumi kwa siku, na kabla ya kuangusha mti wowote ulizia kibali cha kaunti. Tena mti ukiondoka, tumbili hapotei: anashuka chini na kupita juu ya ukuta. Kundi lililopoteza njia ya matawini hulazimika kuvuka barabara, na kule Diani, ambako mbega na wenzao waliuawa sana na magari na nyaya za umeme, wahifadhi wamelazimika kutundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili wavuke salama. Nairobi isifike huko kwa hiari yake.

Kwa mtu mwenye bajeti ndogo, dirisha ndilo la kuanza nalo. Grili za kawaida zilitengenezwa kumzuia mwizi wa kibinadamu. Jaribu hivi: ngumi yako ikipita kati ya nondo, mtoto wa tumbili anapita pia, na makundi yamezoea kuona watoto wakiingia na kutoka na chakula. Nondo zikiwa za karibu zaidi, mkono wa dume bado unapenya na kufikia bakuli lililo kwenye kaunta. Wavu wa mbu wa plastiki huchanika kwa mvuto mmoja. Kinachostahimili ni waya wa kahawa, ule wa matundu madogo wanaoanikia kahawa, ukikazwa kwenye fremu ya mbao ngumu au chuma kwa skrubu na vipande vya chuma bapa juu yake. Pini za kupigilia hazitoshi. Huanza kung'oka kona moja na wiki ijayo kona ya pili. Fremu iwe na bawaba na komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, ili dirisha lisafishwe na, moto ukitokea, watu watoke. Mlango wa jikoni uwe na mlango wa pili wa waya unaojifunga kwa springi, kwa sababu hakuna anayekumbuka kufunga mlango akiwa na sufuria mkononi.

Taka ndizo mshahara wa tumbili. Gari la taka hupita mara moja kwa wiki katika mitaa mingi, na mifuko huachwa nje ya geti tangu alfajiri. Kwa saa tatu au nne barabara nzima inakuwa hoteli. Jenga kisanduku cha mbao chenye mfuniko uliofunikwa bati, kifungwe kwa komeo lenye pini inayopita tunduni, kwa sababu komeo la kusukuma tu hulifungua. Mabaki ya chakula yawekwe pipa lake, na maganda ya ndizi na embe yaende kwenye mboji iliyofunikwa. Bakuli la mbwa liondolewe akishamaliza kula. Mapera, lokwati na parachichi zichumwe zikikomaa badala ya kusubiri ziive mtini.

Shamba dogo la mboga linahitaji kizimba kamili, chenye paa. Nguzo za mita mbili, waya wa kuku pande zote na juu, ukingo wa chini ukifukiwa sentimita kumi na tano, na mstari wa kwanza wa mboga uwe angalau sentimita arubaini kutoka kwenye waya, la sivyo mkono utachuma kupitia matundu. Vitisho havisaidii. Nyoka wa plastiki, sidi zinazometameta na sanamu ya mtu hudumu siku chache tu, kisha wanazikalia.

Sasa hoja ya kuvumilia. Ina msingi. Kima hula matunda ya msituni na kusambaza mbegu, na msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta elfu moja ndani ya jiji, unahitaji wasambazaji hao. Msitu huo ulinusurika mikononi mwa wanyakuzi kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walisimama langoni mwishoni mwa miaka ya 1990 wakapigwa. Si haki tuutetee msitu kisha tuchukie wakazi wake. Lakini kuvumilia si kulisha. City Park inaonyesha matokeo ya njugu za miaka mingi: wanyama wanaopanda mabegani mwa wageni, wanaopekua mikoba, wasiomwogopa mtoto mwenye biskuti. Anayetupa ndizi Jumapili kutoka kwenye roshani anamfundisha dume kwamba palipo binadamu pana chakula, na Jumatatu somo hilo litafanyiwa mtihani kwa jirani mwenye mtoto mchanga. Hapa hatuoni nafasi ya maridhiano.

Wengine huomba watekwe na kuhamishwa. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 huruhusiwi kumtega wala kumuua mnyamapori bila idhini, na sumu ni hatari mara mbili, kwani hufika kwa mbwa na mwewe. KWS, shirika la serikali la wanyamapori, wakija, huangalia tabia ya mnyama mmoja aliyezidi, na hiyo ina maana yake. Kuhamisha kundi zima hakuna faida ya kudumu: eneo lenye chakula likibaki wazi, kundi la jirani hulichukua, na waliohamishwa huingia kwenye himaya ya wenzao na kupigwa.

Ukimkuta ndani ya nyumba, usimfungie. Fungua mlango mwingine, mwachie njia, sogea pembeni, usimtazame machoni wala kumwonyesha meno, na usipigane naye kwa ajili ya mkate. Akimuuma au kumkwaruza mtu, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda.

Yote haya hufeli nyumba moja ikifanya na kumi zisifanye. Kwa hiyo ombi la kwanza kwa chama cha wakazi lisiwe mchango wa kuinua ukuta. Liwe makubaliano na kampuni ya taka kwamba gari lipite saa inayojulikana, mifuko itolewe dakika chache kabla, na askari wa geti apewe mamlaka ya kurudisha ndani mfuko wowote uliotolewa mapema. Kisha orodha ya nyumba zinazolisha, ziendewe kwa heshima na mtu mzima wanayemsikiliza. Bajeti ya nyaya ijadiliwe baada ya hapo, miezi mitatu ikishapita na idadi ya uvamizi ikiwa imeandikwa kwenye daftari la geti.