Waliopokea Fedha Walipowaficha Wayahudi Uholanzi

Katika mjadala juu ya familia za Kiholanzi zilizowaficha Wayahudi wakati nchi ikitawaliwa na Wajerumani, kuanzia Mei 1940 hadi Mei 1945, swali moja hurudi kila mara: je, familia iliyomficha Myahudi huku ikipokea kwake fedha za matumizi ihesabiwe miongoni mwa waokoaji, au miongoni mwa waliofanya biashara ya roho za watu?

Wanaoshikilia jibu la pili wana hoja nzito. Walikuwapo wenyeji waliopandisha bei kadiri hatari ilivyozidi, na wengine waliwafukuza wageni wao fedha zilipokwisha, wakijua vizuri kinachowangoja huko nje. Zaidi ya hayo, Wayahudi wengi wa Amsterdam walikuwa watu wa kipato kidogo, wachuuzi wa sokoni na mafundi wa kushona. Pale hifadhi ilipokuwa na bei, hao ndio waliokosa mlango wa kubisha hodi. Ndiyo maana taasisi ya Yad Vashem ya Jerusalem, inayowatunuku waokoaji wasio Wayahudi, hudai kwamba malipo yasiwe sharti la msaada wenyewe. Kanuni hiyo ni ya haki. Lakini kanuni hiyohiyo haimnyimi heshima mwenyeji aliyepokea fedha za kulipia chakula cha mgeni wake, na hili ndilo linalosahaulika watu wanapotamka neno «alilipwa» kana kwamba ni hukumu iliyokamilika.

Tuanze na jikoni. Mkate, siagi, nyama, hata viazi, vilinunuliwa kwa kuponi za mgao, na Myahudi aliyejificha hakuweza kwenda kuchukua kuponi zake bila kujitia mikononi mwa polisi. Kuanzia mwisho wa 1942 mtandao wa siri uliojulikana kwa kifupi kama LO ulisambaza kuponi kwa waliojificha, nyingi zikiporwa katika ofisi za mgao, lakini hazikumfikia kila mtu. Aliyezikosa alitegemea soko la magendo, ambako bei zilikuwa mara nyingi ya zile za halali. Kibarua mwenye watoto wanne, akiongezewa watu wawili mezani kwa miaka miwili, angezitoa wapi fedha hizo?

Hata katika nyumba inayojulikana kuliko zote, Prinsengracht 263 ya Amsterdam, alikojificha Anne Frank, msichana aliyeandika shajara maarufu, fedha zilipita. Kwa zaidi ya miaka miwili, watu wanane waliishi mafichoni humo kwa fedha zao wenyewe na kwa mapato ya kampuni ya Otto Frank, baba yake Anne, ambayo wafanyakazi wake waliiendesha kwa niaba yake. Miep Gies, mmoja wa wafanyakazi hao, alizichukua fedha hizo akaenda kununua mahitaji, na hakuna anayemwita mfanyabiashara. Baadhi ya mboga zilitoka dukani kwa Hendrik van Hoeve, aliyeziuza kama muuza mboga yeyote. Mei 1944 alikamatwa na kupelekwa kambini, kwa sababu nyumbani kwake mwenyewe alikuwa amewaficha Wayahudi wawili. Mtu huyo aliuza na aliokoa, na sioni namna ya kuyatenganisha mambo hayo mawili bila kumdhulumu.

Halafu kuna gilda 7.50, fedha ya Uholanzi ya wakati huo. Hicho ndicho kiwango walicholipwa wasakaji wa kundi la Henneicke, Waholanzi waliowawinda Wayahudi kwa niaba ya Wajerumani, mwaka 1943 kwa kila Myahudi waliyemkabidhi, kabla ya kiwango hicho kupandishwa, na kwa miezi michache tu waliwakabidhi watu kati ya 8,000 na 9,000. Kwa hiyo maisha ya mtu yalikuwa na bei pande zote mbili, na kila mwenye nyumba alilijua hilo. Mpinzani atasema kwamba mpangaji anayelipa kila wiki huleta faida kubwa kuliko gilda hizo, na kwa hesabu ya fedha peke yake yuko sahihi. Hesabu hiyo, hata hivyo, inamwacha nje askari anayegonga mlango usiku. Casper ten Boom, fundi saa wa Haarlem aliyewaficha Wayahudi nyumbani kwake, alikamatwa Februari 1944 akiwa na umri wa miaka 84, akafia kizuizini baada ya siku kama kumi. Binti yake Betsie alikufa mwezi Desemba katika kambi ya Ravensbrück. Ni kweli kwamba Uholanzi haikuwa Poland, ambako kumficha Myahudi kulikuwa na adhabu ya kifo kisheria, na Waholanzi wengine waliachiwa baada ya miezi michache gerezani. Lakini mwenyeji hakuwa na njia ya kujua mapema yeye angepangiwa nini, na hakuna malipo ya wiki yaliyoweza kufidia hofu hiyo.

Kwa hiyo mstari wa kugawa watu hawa uchorwe pale fedha zilipokwisha. Aliyemfukuza mgeni wake siku hiyo ametoa hukumu juu yake mwenyewe. Aliyeendelea kugawana naye viazi ni mwokoaji, hata kama awali alipokea kila senti. Tatizo ni ushahidi. Kati ya Wayahudi takriban 28,000 waliojificha Uholanzi, kama 12,000 walikamatwa, na wengi wa waliokamatwa hawakurudi kutoka kambi za mauaji za Auschwitz na Sobibor. Ushahidi unaotegemewa zaidi katika kuwatambua waokoaji ni wa walionusurika, na kwa nyumba nyingi kati ya zile zilizovamiwa, aliyejua fedha zilitumikaje, na nini kilifanyika zilipokwisha, aliuawa.