Dawa ya mbu kwenye ndege: wapulize, ila abiria waambiwe mapema

Mdogo wangu ana pumu, alipokuwa anaenda Australia kusoma alituma voisi kwenye grupu la familia analalamika, yani ndege inakaribia kushuka wahudumu wanapita katikati na makopo wanapuliza dawa juu ya vichwa vya watu, tangazo limetoka dakika hiyohiyo, ikabidi ajifunike khanga usoni. Huku Mtwara ndugu wakagawanyika, mama mkubwa akasema hiyo ni dharau, wanatuona wachafu.

Mi kwa hilo siko na mama mkubwa. Mbu wetu wa Afrika, Anopheles gambiae, aligundulika Brazil 1930, inaaminika alisafiri na meli kutoka Dakar, na 1938 malaria ikaua maelfu ya watu kule, mpaka 1940 ndo wakammaliza. 1994 tena kuna watu waliugua malaria jirani na uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, Paris, na Afrika hawajakanyaga, ni mbu ndo alishuka na ndege. Sisi wa kusini malaria tunaijua, mtu akiikinga nchi yake simlaumu.

Ila mdogo wangu nae ana hoja. Dawa zenyewe ni ndugu wa zile za kwenye chandarua, kwa wengi hazina shida, lakini mwenye pumu kifua kinaweza kubana, na mbu siku hizi wengi wameshakuwa sugu kwa dawa hizohizo. Mlango nao sio ndege tu, maana kuna mbu wa malaria wa Asia, anaitwa stephensi, alionekana Djibouti 2012, anapenda kuzaliana kwenye matenki na madumu ya maji, na bandari zinatajwa sana kwenye safari yake, sasa sisi wenye bandari na simtanki kila nyumba tufikirie.

Halafu njia nyingine ipo, dawa inapuliziwa kwenye kuta na sakafu ndege ikiwa tupu, inadumu kama wiki 8. Hiyo ndo naiunga mkono. Mbona Tandahimba jirani akitaka kupuliza salfa kwenye mikorosho anakwambia kabla, unaanua nguo, unafunika maji, mtoto unamuingiza ndani? Abiria kalipa nauli, anashindwaje kuambiwa wakati anakata tiketi?

Mwezi wa pili anarudi chuo, nimemwambia aulize kabla hajalipa, na inhela, kile kidawa chake cha pumu cha kuvuta, akae nayo mfukoni, asiiweke kwenye begi la juu.