Nani Aliyeanua Matanga Elsinore?

Wengi wanaosoma Hamlet ya Shakespeare hukimbilia kwenye mzimu na mapanga. Mimi hurudi kila mara kwenye ule ukumbi wa mwanzo wa kasri la Elsinore, ambamo kijana mmoja tu amevaa nguo nyeusi katikati ya watu wa harusi. Baba yake, mfalme wa Denmark, hajatimiza hata miezi miwili kaburini, na mama yake Gertrude ameshaolewa na Claudius, ndugu wa marehemu. Hamlet anasema kwa uchungu kwamba vyakula vya msibani vimepoa tu, kisha vikaandaliwa mezani kwenye karamu ya ndoa.

Kwa msomaji aliyekulia pwani, hukumu iko wazi. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Huyu hakufika hata nusu. Uingereza nako, karibu mwaka 1600 tamthilia hii ilipoandikwa, kumwoa mjane wa ndugu yako kulikuwa haramu. Henry VIII alishikilia hoja hiyohiyo ili aachane na Catherine wa Aragon, mjane wa kaka yake Arthur.

Lakini wapo Waswahili wa bara watakaoshangaa kelele zote hizi ni za nini. Hamlet anadhihaki kwamba sasa ana "ami-baba". Kwetu ndugu wa baba ni baba tayari, mkubwa au mdogo, na zipo jamii, Waluo wakiwamo, ambazo shemeji humrithi mjane ili nyumba isivunjike. Tena Gertrude si mwanamke asiyejua alichofanya. Polonius, mshauri wa mfalme, anapojigamba kuwa amegundua kiini cha wazimu wa Hamlet, malkia anajibu kwamba haoni jingine ila kifo cha baba yake na ndoa yao ya harakaharaka. Kuhusu mauaji yenyewe, maana Claudius ndiye aliyemuua kaka yake, katika chapa ya tamthilia ya 1603 Gertrude anaapa kuwa hakujua lolote.

Kwa hiyo haraka ya ndoa naweza kuisamehe. Linalonikwaza ni kumwanulia mwanawe matanga bila kumuuliza. Anamwambia kila kilicho hai kitakufa, sasa mbona wewe unaliona kubwa hivyo? Claudius anakoleza mbele ya baraza zima: baba yako naye alifiwa na baba yake, na huyo na wake, kung'ang'ania huzuni si uanaume. Maneno yenyewe si ya uongo, hata sisi husema kazi ya Mungu haina makosa. Ila hayo husemwa na anayelia pamoja nawe. Hapa yanasemwa na bwana harusi, ambaye amemruhusu Laertes, mwana wa Polonius, arudi Ufaransa lakini Hamlet akamzuia kurudi masomoni Wittenberg. Mfiwa anashikiliwa kwenye nyumba ya harusi.

Hamlet naye, hata hivyo, simwachi aende zake. Anamchoma upanga Polonius aliyejificha nyuma ya pazia chumbani kwa malkia, halafu anaiburuta maiti na kuificha. Claudius anaizika upesi, kwa siri, bila heshima yoyote. Ophelia, binti wa marehemu, hapati matanga ya kukaa. Anarukwa na akili, anazunguka akiimba nyimbo za mazishi mpaka anakufa maji. Aliyelalamika kwamba msiba wa baba yake ulikatizwa amemsababishia mwenzake msiba usioanzishwa kabisa, na sioni popote anapolitambua hilo. Kwenye kaburi la Ophelia anabishana na Laertes, kaka wa marehemu, nani alimpenda zaidi, akidai kaka elfu arobaini hawamfikii. Kilio kimekuwa mashindano.

Dakika chache kabla ya ugomvi huo, Gertrude amemrushia binti huyo maua kaburini. Alitarajia awe mke wa Hamlet wake, anasema, na maua hayo ayapambe kwenye kitanda cha ndoa. Harusi na msiba vimechanganyika tena, na safari hii si mama aliyevichanganya.